Mdogo wangu amehukumiwa kunyongwa kwa "nia ya pamoja" na hakushuka hata kwenye pikipiki. Rufaa ina nafasi?

#1 Ngosha Mpole
Wakuu habari zenu. Naomba msinirushie maneno makali, hili ni la familia.

Mdogo wangu ni bodaboda. Usiku mmoja mwaka 2021 alibeba abiria wawili, mshikaki, kutoka kijiweni kwao mpaka senta moja kama kilomita tisa hivi. Wakamwambia asubiri watarudi naye. Akasubiri barabarani pikipiki inaunguruma. Baada ya kama dakika ishirini wakarudi, akawapeleka walikotoka, wakampa elfu kumi. Asubuhi zikaja habari kwamba wakala wa miamala wa ile senta amekutwa dukani kakatwa panga, droo tupu.

Wiki mbili zilizopita Mahakama Kuu imewatia hatiani wote watatu, adhabu ni kunyongwa. Hukumu inataja kifungu cha 22 na cha 23 vya Kanuni ya Adhabu. Hakuna shahidi aliyesema mdogo wangu aliingia dukani. Hakukutwa na damu wala hela. Panga limekutwa kwa mshtakiwa wa kwanza.

Mtu ambaye hakumgusa marehemu ananyongwaje? Na tukikata rufaa kuna kitu, au tunauza ng'ombe wa mzee bure? Wakili wa serikali tuliyepewa alikuwa mzembe sana, hakuuliza maswali.

#2 Kipepeo wa Jioni
Pole mkuu. Naweka kambi hapa, wajuvi wanakuja.

#3 Mzee wa Faili
Kabla ya mjadala wowote: hesabu siku. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni ndani ya siku 30 tangu hukumu. Wiki mbili zimekwisha, kwa hiyo mna siku kumi na sita. Mfungwa anaisaini hukohuko gerezani na mkuu wa gereza ndiye anayeipeleka. Haihitaji wakili, haihitaji ng'ombe. Ikipita muda mtaanza kuomba kuongezewa siku, na hapo lazima mtoe sababu ya msingi ya kuchelewa.

Halafu jambo dogo: Wakili wa Serikali ndiye aliyekuwa anamshtaki mdogo wako. Aliyemtetea ni wakili aliyepangiwa na mahakama. Watu wengi wanachanganya, na wewe ukienda kulalamika ofisi isiyo yake utazungushwa mwezi mzima.

#4 Shangazi Mkali
Elfu kumi, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, usiku, na kusubiri. Hiyo ni nauli ya kawaida. Mtu aliyeajiriwa kwenye uporaji hapewi elfu kumi. Hilo wakili alilisema mahakamani?

#5 Msomi Bila Suti
Ngosha pole. Vifungu 22 na 23 si ndugu pacha, na hukumu ikivitaja vyote kwa mkupuo bila kueleza kipi kimetumika wapi, hapo pana pa kuanzia.

Cha 22 kinamshika anayesaidia, anayewezesha, anayeshawishi. Anahesabiwa kama mtendaji mwenyewe. Lakini lazima awe alijua anasaidia nini. Aliyemuuzia mtu panga gulioni hajasaidia mauaji. Cha 23, ndiyo hiyo nia ya pamoja, ni watu wawili au zaidi wenye nia moja ya kufanya jambo lisilo halali, wakiwa katika kulifanya likatokea kosa ambalo kwa hali ile lilikuwa la kutarajiwa. Mkikubaliana kwenda kupora na panga mkononi, mwenye duka akafa, wote ni wauaji, pamoja na aliyebaki nje kuangalia njia.

Kwa hiyo nisamehe, lakini "hakumgusa" na "hakushuka" havitamtoa. Mahakama za ukanda huu zimekuwa zikisema tangu kesi ya Tabulayenka ya 1943 kwamba si lazima kuwe na kikao cha kupanga. Nia inaweza kusomwa kwenye matendo, kwenye kuwepo pale, na kwenye kutojitenga. Mzigo wa Jamhuri (upande wa mashtaka) ni kuonyesha alijua nini KABLA abiria hawajashuka. Tuambie ushahidi wa hilo ulikuwa upi.

#6 Nyundo ya Chuma
Alijua. Nani anamsubiri mtu usiku pikipiki ikiwa inawaka, na mafuta bei hii?

#7 Boda Mstaarabu
Nyundo hujawahi kushika usukani wewe. Yangu batri imekufa mwaka wa pili sasa. Nikizima napiga kiki mpaka shati linaloa, kwa hiyo sizimi. Na mimi ni jambazi?

2018 nilimbeba jamaa na mbuzi saa nne usiku, kamfunga miguu kamweka katikati yetu. Nikasimamishwa. Jamaa akaruka akatokomea kwenye mahindi, nikabaki mimi na mbuzi. Nililala mahabusu siku nne kwa ajili ya mbuzi ambaye simjui hata kwao.

#8 Kipepeo wa Jioni
Mbuzi naye alilala mahabusu? 😂

#9 Boda Mstaarabu
Alikuwa kielelezo. Siku ya tatu sikumwona tena, na jikoni kwa maafande kulinukia vizuri. Tuendelee.

#10 Ngosha Mpole
Mzee wa Faili asante, kesho nafunga safari ya gerezani.

Msomi, ushahidi dhidi yake ni hivi. Kwanza maelezo ya onyo ya mshtakiwa wa kwanza (yale aliyoandikwa polisi), kuna mstari unasema: "Boda tulimchukua kijiweni, alijua tunaenda kazini." Mahakamani aliyakana, akasema alipigwa. Ikafanyika kesi ndogo ndani ya kesi kuona kama kweli alipigwa, jaji akayapokea. Pili, mama muuza chapati aliona pikipiki na mtu mwenye kiakisi cha njano, hatua kama thelathini, kwa taa ya sola ya duka la jirani. Hapakuwa na gwaride la utambulisho. Tatu, siku aliyokamatwa aliwaambia polisi wale abiria hawajui. Rekodi za simu zikaonyesha mshtakiwa wa pili alimpigia mara tatu siku ileile. Hilo nilisahau kuliandika mwanzo.

#11 Shangazi Mkali
Ulisahau.

#12 Nyundo ya Chuma
Sisemi kitu.

#13 Msomi Bila Suti
Sawa, sasa tunazungumza.

Maelezo ya mshtakiwa mwenza: kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kuyazingatia dhidi ya mwenzake, lakini hakiruhusu kumtia mtu hatiani kwa hayo peke yake. (Toleo jipya la sheria, la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha namba za vifungu vingi. Mwenye kuandika rufaa aangalie toleo asije akachekwa.) Na haya yamekanwa, kwa hiyo yanahitaji kuungwa mkono mara mbili zaidi.

Mama wa chapati: mtu atakuja hapa kukuambia kesi ya Waziri Amani ya 1980, mwanga, umbali, muda wa kumwangalia na kadhalika. Kesi nzuri sana, lakini si yenu. Mdogo wako mwenyewe alikiri alikuwepo! Ukijaza sababu za rufaa kwa hoja ya utambuzi unawachosha majaji watatu kwa jambo ambalo halibishaniwi.

Uongo wa "siwajui": ndio mwiba. Uongo wa mshtakiwa unaweza kuupa nguvu ushahidi wa Jamhuri uliopo. Hauwezi kuziba pengo pasipo na ushahidi. Na mtu akitiwa pingu alfajiri hudanganya hata jina la mama yake. Lakini atakwenda kuelezea.

#14 Boda Mstaarabu
Kupigiwa mara tatu ni kawaida. "Uko wapi", "njoo", "mbona hufiki". Simu yangu ina namba mia mbili za watu nisiowajua majina. Nimewaandika Mama Mkaa, Jamaa wa Bati, Mwalimu Mguu. Polisi wakiniuliza kama namjua Mwalimu Mguu nitasema simjui na nitakuwa sijadanganya.

#15 Mzee wa Faili
Nimekuwa nasoma tena huo mstari. "Alijua tunaenda kazini." Maelezo yaliandikwa Kiswahili, sivyo? Na hukumu imeandikwa kwa lugha gani, na mstari huo imeuwekaje?

#16 Ngosha Mpole
Hukumu ni Kiingereza. Nimempa kijana wa jirani yuko chuo anisomee. Anasema jaji ameandika kwamba mshtakiwa wa tatu alifahamu "operesheni" waliyokuwa wakiiendea. Neno "kazini" lenyewe halipo.

#17 Mzee wa Faili
Nilijua.

Nimekaa kiti cha karani na mkalimani miaka ishirini na sita. Shahidi anasema Kiswahili, mara nyingine Kisukuma kwanza, mkalimani anatafsiri, jaji anaandika kwa mkono kwa Kiingereza, baadaye mchapaji anachapa. Nimeshaona "nilimshika" ikatoka upande wa pili kama "nilimkamata kwa nguvu". Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini mafaili mengi ya Mahakama Kuu bado ni Kiingereza, na maelezo ya onyo bado ni Kiswahili. Kati ya karatasi hizo mbili watu wanapotea.

"Kazini" inaweza kuwa uporaji. Inaweza pia kuwa kazini. "Operesheni" haiwezi kuwa kulinda ghala usiku. Jaji, kwa kutafsiri tu, amekwishachagua upande. Hii ni rufaa ya kwanza, kwa hiyo Mahakama ya Rufani ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya, si kuangalia sheria tupu. Kielelezo cha Kiswahili kitakuwemo kwenye kumbukumbu za rufaa. Wakili awapeleke majaji kwenye ukurasa huo huo, wausome kwa macho yao. Wote ni Waswahili.

#18 Afande Mstaafu
Mzee wa Faili nakuheshimu, lakini na mimi nimeandika maelezo ya onyo kwa miaka. Mhalifu hasemi "tulikwenda kuiba". Anasema kazi, dili, mchongo, tukio. Angekuwa mlinzi wa ghala angesema "tunaenda lindoni". Saa tano usiku watu wawili mshikaki wanakwenda "kazini" senta yenye maduka sita? Jaji hakukosea maana, alikosea kutokuieleza.

Cha kujiuliza ni kwa nini wapelelezi hawakumfanya boda shahidi wa Jamhuri. Kwa kawaida dereva asiye na hatia ndiye shahidi mzuri kuliko wote, amewaona sura, amewabeba. Akishaanza na "siwajui" anajifungia mlango.

#19 Boda Mstaarabu
Afande abiria wangu wote huenda kazini. Nesi wa zamu ya usiku huenda kazini. Hata wale dada wa barabara kuu wanasema "nipeleke kazini". Siulizi.

#20 Shangazi Mkali
Boda, hao dada wa barabara kuu unawajua vizuri naona.

#21 Mbeba Boksi
Nachungulia kutoka Uingereza. Huku mwaka 2016 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Jogee ilisema sheria ilichukua njia isiyo sahihi tangu 1984. Zamani ukiona tu kwamba mwenzako ANAWEZA kuua, umekwisha. Sasa kuona mbele ni ushahidi wa nia, si nia yenyewe. Lazima ithibitike ulikusudia kusaidia. Mtumie hiyo, itamtoa.

#22 Msomi Bila Suti
Mbeba Boksi taratibu. Kule hiyo ilikuwa kanuni iliyotungwa na majaji, na majaji wanaweza kujirekebisha. Sisi tuna kifungu kilichoandikwa kwenye sheria, nacho kinauliza kama kosa lilikuwa la kutarajiwa, hakiulizi mtu aliwaza nini. Inaweza kusomwa kama hoja ya kushawishi, haifungi mahakama yetu. Na Jogee mwenyewe hakwenda nyumbani. Alisikilizwa upya akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka 12.

Ila kwa 22 hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu huko kujua ndiko kila kitu. Ndiyo maana nilisema jaji angechagua kimoja.

#23 Mwana wa Likoni
Hapa Kenya kifungu ni cha 21 na mambo ni yale yale. Lakini sisi tuna kesi ya Muruatetu ya 2017, hukumu ya kifo ya lazima ilitupwa. Watu wengi walitoka.

#24 Mwalimu wa Zamu
Hawakutoka ndugu yangu, walipunguziwa au walirudi kusikilizwa adhabu upya. Muruatetu hakugusa hatia, aligusa adhabu. Na 2021 Mahakama ya Juu yenu ikafafanua kwamba ni kwa mauaji tu, si unyang'anyi wa kutumia silaha.

#25 Mwana wa Likoni
Haya mwalimu, nimekubali. Lakini kupunguziwa kutoka kamba si kitu kidogo.

#26 Kipepeo wa Jioni
Si waende Mahakama ya Afrika, ipo hapohapo Arusha?

#27 Msomi Bila Suti
Ilishasema mwaka 2019, kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Novemba mwaka huo huo Tanzania ikaondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kufungua kesi moja kwa moja, na mlango ukafungwa rasmi Novemba 2020. Kwetu kifo kwa mauaji bado ni cha lazima kisheria, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu 1994. Ngosha, usimwambie mama "hawanyongi siku hizi". Anayekaa selo ya kunyongwa halali kwa takwimu hiyo.

#28 Mwalimu wa Zamu
Niongeze tahadhari. Binamu yangu alishinda rufaa kwa sababu jaji hakuwaelekeza wazee wa baraza (raia wanaokaa na jaji kumshauri) sawasawa. Ukoo tukachinja. Kumbe mahakama imefuta mwenendo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Akarudi mahabusu, mauaji hayana dhamana, miaka mitatu mingine, akatiwa hatiani tena. Mara hii mashahidi walikuwa wameshajua wataulizwa nini.

Tangu marekebisho ya 2022 wazee wa baraza si lazima, kwa hiyo huenda kwenu halipo. Lakini kasoro za utaratibu zinaweza kukurudisha mwanzo. Hoja ya ushahidi hautoshi ikikubaliwa ndiyo inamtoa mtu mlangoni. Kanuni ya Fatehali Manji ya 1966: kesi haisikilizwi upya ili Jamhuri izibe mapengo yake. Mwambie wakili ajue anaomba nini.

#29 Nyundo ya Chuma
Na wakala je? Kila mtu hapa anamlilia boda. Marehemu alikuwa na watoto.

#30 Ngosha Mpole
Nyundo, marehemu namjua. Nilikuwa natoa hela kwake. Alikuwa akihesabu noti mara mbili halafu anakuomba wewe uhesabu ya tatu. Usidhani sijui.

#31 Nyundo ya Chuma
Sawa. Nimekuelewa. Pole.

#32 Shangazi Mkali
Mimi si mwanasheria, nauza vitenge. Lakini naona mnagawa mambo mawili tu, alijua au hakujua. Kuna la tatu: alijua WAKATI WA KURUDI. Watu wamerudi mbio, wananuka damu, na yeye akawabeba. Hilo linaitwaje?

#33 Msomi Bila Suti
Shangazi acha vitenge uje ofisini. Hilo ni kumsaidia mhalifu baada ya kosa, kosa jingine kabisa na adhabu yake si kifo. Wakili anaweza kuliweka kama hoja ya akiba. Hatari yake ni kwamba ukiiweka hoja hiyo umekubali nusu ya hadithi.

#34 Shangazi Mkali
Basi Ngosha tujibu. Walikuwa na mzigo?

#35 Ngosha Mpole
Walikuwa na mfuko wa salfeti. Umefungwa mdomo kwa kamba ya mpira.

#36 Shangazi Mkali
Kwenda au kurudi?

#37 Ngosha Mpole
Kotekote. Mama wa chapati alisema aliona kama mpini umechungulia. Wakili wetu hakumuuliza aliuona wakati gani.

#38 Afande Mstaafu
Hapo sasa. Mshikaki, wa katikati ndiye anayeubeba mfuko, umemgusa dereva mgongoni kilomita tisa.

#39 Boda Mstaarabu
Afande usiku mgongoni huwa nina jembe, kuku, gitaa, mtoto wa mtu. Koti lenyewe nene. Hujui.

(lakini panga lina namna yake. Sitadanganya.)

#40 Msomi Bila Suti
Hoja ipo hapohapo lakini. Kama shahidi hakusema mpini aliuona lini, Jamhuri haikuthibitisha dereva angeweza kuuona KABLA. Faida ya shaka hiyo ni ya mshtakiwa. Ngosha, wenye hukumu ya kifo hupangiwa wakili na mahakama kwenye rufaa bila malipo, kwa hiyo waache ng'ombe malishoni kwanza. Ingieni TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure, msome hukumu za Mahakama ya Rufani juu ya nia ya pamoja. Zipo za kutoa watu na zipo za kuwaacha.

#41 Kipepeo wa Jioni
Uzi umenyamaza siku tatu. Ngosha, uko salama?

#42 Ngosha Mpole
Nimerudi jana. Notisi ameisaini mbele yangu, ofisa akaipokea. Kakonda, lakini anacheka bado.

Nilimuuliza kuhusu salfeti. Akakaa kimya kidogo, akaangalia mikono yake. Halafu akaniuliza kama tajiri amerudishiwa pikipiki yake, maana alikuwa na deni la hesabu ya siku mbili. Nikamwambia bado iko polisi, ni kielelezo. Muda ukaisha.

#43 Mzee wa Faili
Nakala ya notisi mliyobaki nayo ina muhuri na tarehe ya kupokelewa? Kama haina, rudi kesho.